Kupima Madini Mwilini: Nywele au Damu?

Mtu anayeshuku kwamba mwili wake umebeba zebaki au risasi, au umepungukiwa na madini ya chuma au zinki, mara nyingi huelezwa mambo mawili yanayopingana. Daktari humwambia kwamba kipimo cha kuaminika ni damu. Mtafiti aliyefika kijijini na mkasi na bahasha, au mtaalamu wa lishe wa mtaani, humwambia kwamba nywele zinatosha na wala hakuna maumivu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kukosea, kwa sababu jibu linategemea ni madini gani yanayotafutwa, yaliingia mwilini lini na kwa njia ipi. Makala haya yanalinganisha sampuli hizo mbili kwa vigezo vilevile, ili mzazi, mchimbaji mdogo, mjamzito au mwanafunzi anayeandaa utafiti aweze kuchagua kabla hajalipa fedha au hajakata nywele za watu.

Vigezo vya ulinganisho

Kigezo cha kwanza ni muda, yaani sampuli inasimulia siku zipi za maisha ya mtu. Cha pili ni madini yenyewe, kwa kuwa hakuna sampuli inayosema kweli juu ya madini yote. Cha tatu ni uchafuzi, maana mashine ya maabara haitofautishi chembe iliyopitia tumboni au mapafuni na ile iliyotua juu ya sampuli kutoka nje. Cha nne ni uchukuaji na utunzaji wa sampuli hadi ifike maabara. Cha tano ni usomaji wa majibu: je, kuna kiwango kinachotambulika cha kulinganishia, na daktari anaweza kuchukua hatua gani akishaiona namba? Bei nimeiacha nje kwa makusudi, kwani inatofautiana mno kati ya maabara moja na nyingine, na kipimo cha bei nafuu kisichojibu swali ni fedha iliyotupwa.

Dhana moja iondolewe mapema: nywele si damu iliyokauka. Unywele hulishwa na damu ukiwa bado mzizini, na wakati huo baadhi ya metali, hasa zebaki, hushikamana na salfa iliyomo katika keratini, yaani protini inayoujenga unywele. Ukishatoka nje ya ngozi huwa umekufa. Haupokei tena kitu kutoka ndani, ila huendelea kupokea kutoka nje kila siku. Damu nayo si ghala. Ni njia ya kupita kati ya tumbo, mapafu, ini, figo na mifupa, na kiasi kinachokutwa njiani kinaweza kuwa tofauti kabisa na kiasi kilichohifadhiwa. Ndiyo maana majibu ya nywele na ya damu ya mtu mmoja, zilizochukuliwa siku moja, yanaweza kupishana bila maabara yoyote kukosea.

Sampuli ya damu

Muda. Damu husimulia hasa siku na wiki chache zilizopita. Risasi iliyomo katika damu hupungua kwa nusu baada ya takriban mwezi mmoja. Zebaki ya methili, ile inayopatikana katika samaki, hupungua kwa nusu baada ya siku zipatazo 50. Aseniki huondoka katika damu ndani ya saa au siku chache tu. Mtu aliyekunywa maji ya kisima chenye aseniki kwa mwaka mzima, kisha akaacha wiki mbili kabla ya kupimwa, anaweza kuletewa majibu ya damu yasiyoonyesha lolote. Risasi ina utata wake wa ziada. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini mwa mtu mzima hukaa mifupani, ambako hudumu kwa miaka mingi na kurudi katika damu kidogo kidogo, na kwa kasi zaidi wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Kwa hiyo damu ya aliyewahi kuyeyusha betri chakavu inaweza kuendelea kuonyesha risasi muda mrefu baada ya kuiacha kazi hiyo, na mjamzito anaweza kuwa na risasi ya utotoni mwake ikizunguka upya.

Madini. Kwa risasi, damu ndiyo kipimo cha kwanza na sijaona sababu ya kubishana juu ya hilo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua makazi ya watu, vipimo vya damu vya wakazi vilikuwa sehemu ya ushahidi katika mapambano yaliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ingekuwa vigumu kujenga hoja ya namna hiyo kwa nywele, kwa sababu upande wa pili ungedai kwamba risasi ilikuwa vumbi tu lililotua kichwani.

Kwa madini ya chuma, damu pia inaongoza, lakini si kwa kupima chuma chenyewe. Kipimo cha wingi wa damu huonyesha hemoglobini, na ferritini, yaani protini inayohifadhi chuma, huonyesha akiba. Kwa zinki mambo hulegea: zinki iliyomo katika plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ni chini ya asilimia 1 ya zinki yote ya mwili, hubadilika kwa saa za siku, hushuka baada ya mlo na hushuka tena mtu akiwa na maambukizi. Kwa kalsiamu mwili hauruhusu kabisa kiwango cha damu kuyumba. Asilimia 99 ya kalsiamu iko katika mifupa na meno, na damu ikipungukiwa, mifupa hutolewa akiba yake ili namba irudi palepale. Majibu mazuri ya kalsiamu katika damu hayamwambii bibi wa miaka 70 lolote kuhusu uimara wa nyonga yake. Magnesiamu nayo inakaribiana na hali hiyo.

Uchafuzi. Watu hudhani damu iko salama kwa kuwa imetoka ndani, lakini hatari ipo katika safari yake. Tone linalotolewa kidoleni linaweza kubeba risasi iliyokuwa juu ya ngozi, na fundi wa betri aliyenawa kwa haraka anaweza kupata namba ya kutisha isiyo ya kweli. Ndiyo sababu majibu makubwa ya kidoleni hurudiwa kwa damu ya mshipa. Vifuniko vya mpira vya baadhi ya vichupa hutoa zinki, kwa hiyo vipimo vya madini adimu huhitaji vichupa maalumu, ambavyo kwa kawaida vina kifuniko cha bluu iliyokolea. Chembe nyekundu zikipasuka kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba mno au kichupa kilitikiswa sana, zinki iliyokuwa ndani ya chembe humwagika katika plazma na kuficha upungufu.

Uchukuaji na utunzaji. Damu inahitaji mtu aliyefunzwa, sindano safi, sanduku la baridi, usafiri wa haraka na namna salama ya kutupa taka. Mjini si tatizo. Katika kijiji kilicho mbali na barabara ya lami, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kukwamisha kazi. Lipo pia jambo la imani: hadithi za mumiani bado zinasikika, na mgeni anayeingia kijijini na vichupa vya damu bila kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee hatafika mbali.

Usomaji wa majibu. Hapa ndipo damu inapokuwa na nguvu kubwa zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kudhibitiwa pale risasi inapofika mikrogramu 5 kwa desilita. Marekani mwaka huohuo ilishusha kiwango chake cha kulinganishia kwa watoto hadi 3.5, na mtoto mwenye 45 au zaidi hupewa dawa ya kutoa risasi mwilini. Kila namba ina hatua yake. Kwa ferritini, chini ya mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima na chini ya 12 kwa mtoto wa chini ya miaka mitano huashiria kwamba akiba ya chuma imekwisha, ila malaria na maambukizi mengine hupandisha ferritini kwa uongo, hivyo mgonjwa mwenye homa husomwa kwa viwango vya juu zaidi: 30 kwa mtoto huyo na 70 kwa wengine. Mtego wa kawaida upo katika vizio. Maabara moja huandika kwa desilita na nyingine kwa lita, na mikrogramu 5 kwa desilita ni sawa na 50 kwa lita. Mzazi anayelinganisha karatasi mbili bila kuona tofauti hiyo atadhani sumu imeongezeka mara kumi.

Inamfaa nani. Damu inamfaa mtu anayeumwa sasa, mtoto anayeshukiwa kuwa na risasi, mgonjwa anayefuatiliwa wakati wa matibabu, na yeyote ambaye majibu yake yatatumika hospitalini au mahakamani.

Sampuli ya nywele

Muda. Hapa nywele zina jambo ambalo damu haina kabisa, nalo ni kumbukumbu yenye tarehe. Mwaka 1971 na 1972, huko Iraki, wakulima walipewa mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya kuvu yenye zebaki ya methili, na familia nyingi zikazisaga na kuoka mikate. Dalili zilipotokea, mikate ilikuwa imeshaliwa. Watafiti walichukua nywele ndefu za akina mama, wakazikata sentimita kwa sentimita kuanzia kwenye ngozi ya kichwa, na katika vipande hivyo wakaona zebaki ikipanda miezi ya kula mikate hiyo na ikishuka baadaye, kisha wakalinganisha kilele hicho na hali ya watoto waliokuwa tumboni wakati huo. Hakuna kichupa cha damu kingeweza kurudisha miezi hiyo.

Kanuni inayotumika ni kwamba nywele hukua sentimita moja kwa mwezi, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki awe makini, kwa sababu kanuni hiyo haikutokana na nywele zetu. Utafiti wa nywele za Waafrika uliochapishwa mwaka 2001 ulipata ukuaji wa wastani wa mikromita 256 kwa siku, yaani chini kidogo ya milimita 8 kwa mwezi, ilhali nywele za watu wenye asili ya Ulaya zilikua karibu mikromita 396. Mtafiti anayekata sentimita tatu za nywele za kipilipili akizihesabu kuwa miezi mitatu anasoma miezi karibu minne, na kama hakuzinyoosha vizuri kabla ya kupima urefu, anasoma zaidi ya hapo. Isitoshe, wakati wowote ule sehemu ya nywele za kichwani, kama asilimia 10 hadi 15, huwa zimeacha kukua zikingoja kung'oka, na hizo hupeleka tarehe kombo.

Madini. Zebaki ya methili ndiyo inayokaa vizuri zaidi katika nywele: kiasi chake katika unywele ni takriban mara 250 ya kile cha damu, hivyo hata kidogo huonekana. Aseniki ya muda mrefu pia huonekana, pamoja na seleniamu, ambayo nchini China ilipimwa katika nywele wakati wa kuchunguza ugonjwa wa moyo wa Keshan katika maeneo ambayo udongo wake una upungufu wa madini hayo. Kwa chuma, kalsiamu na magnesiamu sijapata hoja ya kuridhisha ya kuzitumia nywele kuamua hali ya mtu mmoja. Zinki inahitaji tahadhari ya pekee, maana mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuonyesha zinki ya kawaida au hata ya juu katika nywele, kwa sababu nywele zake zimeacha kukua na kile kidogo kilichopo kimejikusanya mahali pamoja.

Uchafuzi. Huu ndio udhaifu mkubwa wa nywele, na kwetu ni mkubwa kuliko vitabu vya maabara vinavyodokeza. Kichwa cha mwanamke wa pwani kinaweza kuwa kimepita katika hina, mafuta ya nazi, dawa ya kulainisha, rangi nyeusi na rasta za plastiki ndani ya mwaka mmoja. Shampuu nyingi za mba zina zinki au seleniamu ndani yake, na anayezitumia huonekana amejaa madini hayo. Mwanamume wa machimboni anakaa juani katika vumbi la karasha tangu asubuhi. Maabara huosha nywele kabla ya kuzipima, na utaratibu uliopendekezwa zamani na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ni asetoni, maji mara tatu, kisha asetoni tena. Lakini kuosha hakutatui yote, kwa kuwa mvuke wa zebaki na baadhi ya dawa hushikamana na unywele kiasi cha kutotoka, na sabuni kali nayo inaweza kutoa madini yaliyotoka ndani ya mwili.

Uchukuaji na utunzaji. Hapa nywele zinashinda bila jasho. Mkasi safi wa chuma kisichoshika kutu, kishungi chembamba kutoka kisogoni karibu kabisa na ngozi, uzi wa kufunga upande wa mizizi ili maabara ijue pa kuanzia, bahasha ya karatasi iliyoandikwa tarehe, na kazi imekwisha. Hakuna barafu, na sampuli hudumu kwa miaka. Vikwazo vyake ni vya aina nyingine. Wanaume wengi hunyoa kipara, watoto wa shule hunyolewa, na mwenye misuko huhitaji kufumuliwa kwanza. Pia wapo wasiokubali kumwachia mgeni nywele zao kwa hofu ya uchawi, na kwao damu huwa rahisi kidogo kuliko nywele.

Usomaji wa majibu. Kwa zebaki ya methili vipo viwango vinavyoeleweka. Kiasi ambacho Marekani inakihesabu kuwa salama kula kila siku kinalingana na takriban mikrogramu 1 kwa gramu ya nywele. Nje ya zebaki hali ni dhaifu. Mwaka 2001 watafiti huko California waligawanya nywele za mtu mmoja mwenye afya na kuzipeleka katika maabara sita za Marekani zinazouza kipimo cha madini. Kwa madini 12, jibu la juu kabisa lilikuwa zaidi ya mara kumi ya jibu la chini kabisa, na maabara zilipishana hata juu ya kiwango cha kawaida ni kipi. Ushauri wa lishe uliotokana na karatasi hizo nao uligongana. Tangu hapo vifaa vimeboreka sana, lakini karatasi inayoorodhesha madini thelathini na kuuza virutubisho chini yake ningeipokea kwa mashaka makubwa.

Inamfaa nani. Nywele zinamfaa mtafiti wa kundi kubwa la watu wanaokula samaki, mjamzito anayetaka kujua miezi iliyopita, na mazingira ambayo damu haiwezi kusafirishwa. Zinafaa zaidi kwa swali la jamii kuliko la mgonjwa mmoja.

Pale ambapo zote mbili zinaweza kupotosha: zebaki ya Kanda ya Ziwa

Geita ni mahali pazuri pa kuona ulinganisho huu ukifanya kazi, kwa sababu zebaki hufika huko kwa njia tatu tofauti. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe na kuyaosha mwaloni, huchanganya mchanga na zebaki, hukamua kidonge cha dhahabu kwa kitambaa, kisha hukichoma juu ya mkaa. Zebaki inayoruka ni mvuke, na sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa huingia mwilini kupitia mapafu. Njia ya pili ni samaki, ambao zebaki yao imegeuzwa na vijidudu vya majini kuwa ya methili. Ya tatu ni sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake zina chumvi za zebaki.

Nywele hupokea vizuri zebaki ya njia ya pili tu. Za mchomaji dhahabu hubeba mvuke uliotua juu yake, na namba kubwa inayotokea haiwezi kugawanywa kwa 250 ili kupata ya damu, kwa kuwa uwiano huo ni wa zebaki ya methili peke yake. Damu nayo huonyesha uchomaji wa siku za karibuni, lakini huchanganya mvuke na samaki aliyeliwa jana. Kwa mvuke na kwa krimu, kipimo kinachofaa zaidi ni mkojo, kwa sababu zebaki ya aina hiyo hutolewa na figo. Najua makala haya yameahidi kulinganisha vitu viwili, lakini kumficha msomaji kikombe cha mkojo kungekuwa kumdanganya.

Daktari Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwachunguza wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata nchini Japani, alichapisha mwaka 1999 pamoja na wenzake uchunguzi wa nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Kama nywele zingesomwa kwa haraka, lawama zingeenda machimboni na ziwani. Lakini viwango vikubwa vilikutwa pia kwa watu wa mjini wasiochimba, na zebaki yao kwa kiasi kikubwa haikuwa ya methili. Chanzo kilichotajwa kilikuwa sabuni ya kung'arisha ngozi. Uchunguzi wa upande wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2001, ulielekeza kidole kwenye sabuni ileile. Kilichookoa hitimisho ni kwamba maabara ilitenganisha aina za zebaki badala ya kutoa jumla, na watafiti waliuliza watu wanaoga na nini.

Visiwani, ambako samaki ndiye chanzo kikuu, picha ni safi zaidi. Utafiti wa muda mrefu wa Shelisheli ulitumia nywele za akina mama wajawazito, ambao wastani wao ulikuwa karibu mikrogramu 7 kwa gramu, na nywele zilifanya kazi yake vizuri. Huko visiwa vya Faroe, Philippe Grandjean na wenzake walipima nywele za mama pamoja na damu ya kitovu, na damu ya kitovu ikaeleza vizuri zaidi matokeo ya watoto. Kwa hiyo hata katika uwanja ambao nywele zinasifiwa, damu iliyochukuliwa wakati mwafaka inaweza kuzizidi.

Mwongozo kulingana na hali yako

Ukiwa mzazi mwenye mtoto anayecheza karibu na mahali pa kuyeyusha betri, au anayepakwa wanja wa manga, ambao baadhi yake hutengenezwa kwa madini ya risasi, omba kipimo cha risasi katika damu nzima, si katika plazma, kwani karibu risasi yote hubebwa na chembe nyekundu. Usianze na nywele.

Ukiwa mjamzito wa pwani unayekula papa, nduaro au jodari mara kwa mara, sampuli yoyote kati ya hizo mbili inakufaa kwa zebaki. Chagua damu kama unataka kujua ulivyo sasa, na nywele kama mimba imekua na unataka kujua miezi ya mwanzo, mradi nywele hizo hazijatiwa dawa. Anayekula dagaa na samaki wadogo hana sababu kubwa ya kupima.

Ukiwa mchomaji dhahabu, au mtumiaji wa mkorogo na sabuni za kung'arisha, anza na mkojo, na damu iongezwe kama umevuta moshi siku chache zilizopita au una dalili. Wanaoishi nyumba moja na anayechomea jikoni wapimwe pamoja naye, watoto wakiwa wa kwanza.

Ukiwa na uchovu, kizunguzungu au hedhi nyingi, unachohitaji ni wingi wa damu na ferritini, na umweleze daktari kama umeugua malaria hivi karibuni. Nywele hazina la kusema hapo.

Mtoto anayeharisha hahitaji kipimo cha zinki cha aina yoyote; mwongozo wa kawaida ni kumpa zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya hospitali. Kusubiri maabara ni kumchelewesha.

Ukiambiwa ushike kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta ili uchapishiwe orodha ya madini yako, elewa kwamba hapo hapajapimwa nywele wala damu, na namba zilizo katika karatasi hiyo hazilinganishwi na lolote lililoelezwa hapa.

Ukiwa mtafiti, chukua nywele kwa wote na damu kwa sehemu ya kundi, ili uwiano uupate kwa watu wako badala ya kuuazima. Dodoso liulize hina, dawa ya nywele, shampuu ya mba, sabuni na kazi, na maabara itenganishe zebaki ya methili na nyingine.

Na ukishuku aseniki ya kisima, kwa mfano katika mikoa ya Geita na Mara ambako tafiti zimeiripoti katika baadhi ya vyanzo vya maji, nywele na kucha zitasimulia miezi iliyopita na mkojo utasimulia siku hizi, huku damu ikiachwa kwa aliyekunywa kwa wingi muda mfupi uliopita. Lakini kabla ya mwili wa mtu yeyote, yapimwe maji yenyewe, ambayo kiwango chake kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi mikrogramu 10 kwa lita; chupa moja ya maji hayo hujibu kwa niaba ya kaya zote zinazoteka hapo.